Jibu: Kuwalea walimu wapya katika chuo chenye watu wa kila aina

Mdau umesema umepewa kazi ya kuwalea walimu wapya wa chuo, mchanganyiko wa makabila na dini, na kwenye mafunzo ya ndani nusu yao hawafungui mdomo. Mimi nimeifanya kazi hiyo Lamu, chuo cha ufundi, na nilianza kwa kuiharibu.

Wa kwanza kukabidhiwa alikuwa fundi wa nakshi, mzee aliyenizidi miaka ishirini. Milango ya Mji Mkongwe wa Lamu, ule ulioorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, anaijua kama sura ya mwanawe. Nikaketi nyuma ya darasa na fomu ya tathmini ya Kiingereza: andalio la somo hakuna, malengo hayakutajwa. Kipindi kilipoisha nikamsomea makosa yake, tena mbele ya wanafunzi wawili waliobaki kufagia. Akasema, "Haya, mwalimu." Kwa wiki mbili nilimpa shikamoo akaitikia huku akitazama pembeni.

Nikamfuata karakanani. Nikamwomba anionyeshe anavyomfunza kijana kushika patasi, na hapo aliongea mpaka adhana ya alasiri. Kila hatua ina kipimo chake. Kijana hapewi mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, kabla mkono haujatulia kwenye vipande vya mbao mbovu. Jamani, si ndiyo hiyo elimu ya umahiri, ya kumpima mwanafunzi kwa anachoweza kutenda, tunayoiendea semina? Andalio tukaliandika pamoja kwa Kiswahili, la Kiingereza la kuweka faili likafuata.

Ratiba nayo iangalie. Ijumaa mchana usimwite mtu, hilo unalijua. Lakini nilikuwa na mwalimu wa kike kutoka upande wa kisiwa cha Pate, nikamwandika mchelewaji, kumbe boti hungoja maji yajae ndipo ipite mkondo wa Mkanda. Mimi mzaliwa wa hapa sikuuliza!

Ila usivuke mpaka ukampangia mtu kazi kwa alikotoka. Mwenzetu mmoja kutoka Kisumu kila mkutano tulimpa kuandika kumbukumbu, eti "nyinyi wa bara Kiingereza chenu kizuri." Siku moja akaiweka kalamu mezani: alisomea umeme, hakusomea ukarani. Alitaka kufundishwa kutengeneza mitambo ya sola, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Siku hizi fomu naiacha ofisini ziara ya kwanza. Naenda mikono mitupu, nakaa na wanafunzi, nikikosea kupiga randa mwalimu ananirekebisha.