Mafua ya Vumbi Nusura Yanivunjie Ndoa

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nina miaka 34, nimeoa, ila hamu imekufa kabisa. Nimepima sukari na presha, niko safi." Mwishoni akataja, kama kwa bahati mbaya, mafua yasiyoisha. Nikamuuliza anameza nini. Akajibu Piriton, kila usiku.

Nikacheka peke yangu, maana huyo alikuwa mimi mtupu.

Mwaka 2019 nilihamia Dodoma kikazi. Wanaoujua mji ule wanajua upepo wa kiangazi: vumbi linaingia hadi kwenye vyombo vilivyofungiwa kabatini. Nikaanza kupiga chafya mfululizo, macho yananiwasha. Duka la dawa wakanipa vile vidonge vidogo vya njano. Nikimeza, pua inakauka, nalala kama gogo. Nikaendelea hivyo miezi minne.

Kumbe si pua tu iliyokauka. Saa tatu usiku nimeshazima. Mke wangu akinigusa nageukia ukutani, na siku nilizojilazimisha mwili uligoma. Akaanza kupekua simu yangu akitafuta nyumba ndogo. Alipokosa, akamweleza dada yake. Shemeji akaja kutusalimia, akanitazama kwa jicho la huruma kama mgonjwa wa wodini. Mke nilishamsamehe. Lile jicho, bado.

Na mimi, badala ya kufungua mdomo, nikanunua kwa siri vumbi la Kongo, ile poda ya kienyeji ya nguvu za kiume. Hebu fikiria: shida imeletwa na vumbi, nami naitibu kwa vumbi! Usiku ule moyo ulinienda mbio hadi alfajiri, pengine pote kimya.

Aliyenifumbua macho ni mfamasia mmoja mama mtu mzima, aliyeniuliza bila aibu mambo ya chumbani. Klofeniramini, ndiyo hiyo Piriton, ni dawa ya aleji ya kizazi cha zamani. Inapenya hadi kwenye ubongo, ndiyo maana unasinzia, na asubuhi bado imo mwilini. Tena inazuia kemikali ambayo mishipa ya fahamu huitumia kulainisha mdomo, pua na uke, na inayosaidia kuita damu kule chini. Si kila mtu humpata hivyo, ila mimi ilinipata. Akanibadilishia loratadini, ambayo haiingii sana kwenye ubongo, na dawa ya kupuliza puani inayofanya kazi palepale puani. Setirizini ni ya kizazi kipya pia, ila wengine huwasinzisha.

Baada ya siku chache nilikuwa mtu. Wiki ya pili mke wangu aliniuliza nimekula nini.

Wanaume wenzangu, tuache kiburi! Unamweleza muuza mitishamba wa stendi siri usiyomwambia mkeo? Nenda kwa mfamasia, mtajie kila unachomeza, hata kile unachokiita cha mafua tu. Na usiache dawa za pumu kwa kunisikiliza mimi. Hizo muulize daktari. Nyumbani piga deki kwa maji badala ya kufagia vumbi likaruka. Na wewe dada, kabla hujamwita ndugu yako, tazama kwanza kilichopo juu ya kabati.

Jana yule kijana ameniandikia tena. Mkewe naye analalamika ukavu na maumivu. Wanachangia pakiti moja.