Nilivyorudi kwenye mashairi: asumini, sindano na mizani

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako, la namna ya kurudi kwenye mashairi, nimelisoma mara tatu tangu asubuhi. Umesema uliandika tangu sekondari, kisha duka lako la vitambaa likaungua usiku mmoja likabaki jora moja tu, na huu ni mwaka wa tatu hujashika kalamu. Halafu ukaongeza maneno yaliyonichoma: kwamba ukitaka kuandika habari ya mwezi au bahari unaona haya, kama mtu anayejipaka wanja msibani. Nitakujibu kwa yaliyonipata mwenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza hapa Tanga kwa miaka 28. Mashairi nilikuwa nayatuma magazetini, yale ya kujibizana: wa Lindi anauliza, wa Pemba anajibu, na mimi natia langu. Mwaka 2017 nililala mzima, nikaamka upande wa kulia haupo. Presha ilikuwa imepanda nami sijui. Kiharusi kiliushika ubongo upande wa kushoto, na huko ndiko unakotawaliwa mkono wa kulia na, kwa watu wengi, maneno pia. Nikapoteza viwili kwa mpigo. Nikitaka maji natamka "mlango". Nikimwita binti yangu linatoka jina la dada yangu. Mtu niliyezoea kupima maneno matano ili nipate kina kimoja, yaani silabi ya kulinganisha mistari, sasa hata hilo moja haliji.

Miezi ya kwanza nilifanya kosa ambalo nakuomba usilifanye. Nilimwambia binti anishushie sanduku la mashairi yangu ya zamani, yale niliyokata magazetini nikayabandika daftarini. Nilidhani yatanitia nguvu. Nililia siku mbili. Kila ubeti ulikuwa kama umeandikwa na mwanamke mwingine aliyenizidi, na huyo mwanamke harudi. Sanduku likarudi juu ya kabati. Nikajaribu la pili, kuandika juu ya ugonjwa wenyewe kwa mkono wa kushoto. Kila nikianza nasikia tena ule ubaridi wa sakafu nilipoanguka, nachana karatasi. Jeraha bichi halishikiki, mdogo wangu.

Kilichonirudisha ni mazoezi ya mkono. Mtaalamu wa viungo alinipa kazi za nyumbani: kuhamisha maharage moja moja kutoka bakuli hili kwenda lile, kubana na kubandua vibanio vya nguo, kukanda unga wa chapati. Nilikuwa nazifanya kwa hasira. Siku moja shoga yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta mwenye mti wa asumini uani, akaja na sahani ya maua yake, sindano na uzi. Akasema maharage yamemchosha kuyatazama, atanifundisha kutunga shada upya kama tulivyofundishwa usichanani.

Asumini ya kutunga huchumwa alasiri ingali imefumba. Ukiitazama kwa karibu, kila ua lina kishina chembamba, kijani kibichi, chenye tundu katikati ambamo sindano hupita bila kulipasua. Ukikosea kidogo, linachanika na weupe wake unageuka kahawia palepale penye alama ya kidole. Nilishika ua kwa mkono mgonjwa, sindano kwa mkono mzima. Siku ya kwanza nilitunga maua manne kwa saa nzima, nikaharibu kama ishirini. Lakini magharibi ilipoingia yale manne yakaanza kufumbuka yenyewe juu ya meza, moja baada ya jingine, na chumba chote kikajaa harufu. Nilikaa kimya nikiyatazama. Tangu niugue, ilikuwa mara yangu ya kwanza kutazama kitu bila kujiuliza nitapona lini.

Baada ya wiki mbili hivi nilianza kuhesabu. Maua manane, jani la rihani, maua manane tena. Sikupanga. Mkono wenyewe ulikumbuka kwamba mshororo, yaani mstari wa shairi, una mizani, yaani silabi, nane kwenye ukwapi, nusu ya kwanza, na nane kwenye utao, nusu ya pili, jumla kumi na sita, na ubeti wa mishororo minne unatimiza sitini na nne. Nikaanza kutamka silabi kwa kila ua, ba, be, bi, bo, bu, zile zile nilizowaimbisha watoto miaka 28. Na zilitoka! Maneno hayatoki, lakini silabi za kuimba zinatoka. Mtaalamu wangu hakushangaa. Aliniambia watu wengi waliopoteza usemi kwa kiharusi huweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema. Basi nikanunua daftari la mwandiko, lile la darasa la kwanza, nikaanza kuumba herufi kwa mkono wa kushoto, na kila jioni baada ya shada naandika nilichokiona. Ubeti wangu wa kwanza ulichukua siku tisa. Ni huu:

Asumini na sindano, viko juu ya sahani,
Nanyosha wangu mkono, haufiki ukingoni,
Ukitetemeka mno, ua laanguka chini,
Leo moja, kesho tano, jioni hata jioni.

Si shairi la kushindana na mtu. Lakini hesabu imetimia, vina vimekaa, na neno "ukingoni" nililitafuta siku tatu nzima. Lilipokuja nilimwita binti yangu, na jina lililotoka lilikuwa lake.

Najua wengi humu mnaandika mashairi huru, yasiyofuata vina wala mizani, na tangu mshairi Kezilahabi atoe kitabu chake Kichomi mwaka 1974 mabishano ya vina hayajapoa. Sina ugomvi na mashairi huru, ninayasoma na kuyapenda. Ila mtu akiwa hawezi kusimama humpi uwanja mpana, unampa ukuta wa kushika. Mizani ilikuwa ukuta wangu. Akili iliyochoka haikuhitaji kuuliza "niseme nini?", iliuliza tu "bado silabi mbili, nitie neno gani?" Swali hilo dogo linajibika.

Sasa nije kwenye hiyo haya yako. Mshairi Shaaban Robert, mtu wa huku kwetu Tanga, alipofiwa na mkewe Amina alimlilia kwa shairi lenye vina kamili, na ndani yake akamfananisha na ua. Mjane mwenye uchungu mbichi, na bado alikaa akapima silabi, akachagua ua. Sijawahi kuona msomaji akisema alimkosea marehemu. Mimi naona alimpa kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo. Kwa hiyo huo mwezi unaouona aibu kuuandika, uandike. Duka liliungua, mwezi haukuhusika.

Anza na kitu kimoja, saa moja ile ile kila siku. Saa yangu ilikuwa ya kumi na moja jioni. Kiwe kitu unachoweza kukigusa: kikombe chenye ufa, kanga iliyoanikwa, ndizi inayoanza kuwa na madoa. Usitazame dirishani ukisubiri fikra. Kishike, kinuse, kigeuze, kisha andika mshororo mmoja tu, hata usipokuwa na kina. Siku ukichoka, andika jina la rangi yake ulale. Mimi zipo siku niliandika "nyeupe" peke yake, na leo nikizisoma kurasa hizo nakumbuka jioni yenyewe ilivyokuwa. Na usimwonyeshe mtu kwa mwezi wa kwanza, hasa wale waliokujua ulipokuwa unang'ara.

Mkono wangu wa kulia haujapona wote, bado naandika kwa kushoto. Habari ya ile sakafu nimekuja kuiandika mwaka wa nne, beti kumi na mbili, na sikuchana hata karatasi moja.

Umesema lile jora lililonusurika umelisukuma uvunguni na hutaki kuliona, na kwamba pindo lake moja limeungua. Liache huko huko kwanza, tafuta kitu kingine. Ukipata mshororo uweke hapa, nitaujibu kwa vina vyako mwenyewe kama tulivyokuwa tukifanya magazetini. Na siku utakayolivuta hilo jora, hata ikiwa mwakani, niambie ni la rangi gani.