Mbona petroli hupanda haraka na kushuka polepole?

SWALI: Mhariri, mafuta ghafi yakipanda bei katika soko la dunia, petroli hupanda mara moja, yakishuka, tunaambiwa tusubiri. Isitoshe, vituo huishiwa mafuta siku chache kabla ya bei mpya kutangazwa. Je, tunadanganywa?

JIBU: Malalamiko yako yana msingi, ingawa si kila kitu ni hila. Bei inapopanda, mfanyabiashara hutaja gharama ya shehena atakayonunua kesho. Inaposhuka, hudai kwamba bado anauza shehena ya zamani aliyoinunua ghali, na hapo (kusema kweli) mteja ana haki ya kukasirika, kwa kuwa hoja zote mbili humnufaisha mtu yule yule.

Uhaba una sababu zake. Nchi za Kiarabu zilipoweka vikwazo vya mafuta mwaka 1973, bei ya pipa, lenye lita 159, ilipanda karibu mara nne katika miezi michache, na nchini Marekani foleni zilirefushwa pia na madereva wenye hofu waliokuja kujaza matangi ambayo hayakuwa yamekwisha.

Kuficha mafuta yakingojea bei mpya ni ulanguzi, na dawa yake ni kukagua akiba iliyomo kwenye maghala, si kumfokea mhudumu wa pampu.