Bomba la hewa katika studio ya chini ya ardhi, Goma

Ndugu, umeuliza bomba la hewa lipite wapi bila kuvujisha sauti ya studio yako. Lipinde mara mbili ndani ya sanduku la mbao lililotandikwa pamba nzito, nalo liwe pana, ili hewa iende polepole isivume kwenye maikrofoni. Lakini kwetu Goma kelele ni jambo dogo mbele ya mazuku, yaani gesi ya kaboni dioksidi itokayo ardhini penye volkano na kuua kwa kukosesha pumzi: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, haina rangi wala harufu, hutulia mabondeni, na chumba ulichokiziba chini ya ardhi ni bonde tosha. Mdomo wa kutolea hewa uwe karibu na sakafu. Hewa safi ivutwe kutoka juu, mbali na jenereta. Kiwanja kikiwa penye mazuku, mimi nisingechimba kabisa.