Sindano kukatika ukishona mfuko wa jinzi

Dada, umeuliza kama ununue cherehani nyingine kwa sababu sindano zinakatika kila ukifika kwenye mishikio ya ule mfuko wa jinzi wa kubebea viazi. Usinunue. Nadhani unatumia sindano namba 11 au 14, ambazo ni nyembamba mno kwa tabaka nyingi za jinzi. Tafuta namba 16, na jinzi ikiwa nzito sana, 18. Maduka ya vifaa vya ushonaji kule Biashara Street wanazo.

Pale kwenye mishikio tabaka ni nyingi, kwa hiyo usikanyage pedali. Zungusha gurudumu kwa mkono, polepole, wala usivute kitambaa kwa nyuma: ukikivuta sindano inapinda, inagonga bamba la chuma, kwisha. Kabla ya kushona, gongagonga hizo tabaka kwa nyundo zilale. Ndiyo, nyundo; mafundi wa jinzi hufanya hivyo. Urefu wa mshono uwe milimita 3 hadi 3.5. Malizia kila mshikio kwa mraba wenye alama ya X ndani, maana hapo ndipo uzito wote wa viazi unapoangukia.

Kitenge cha bitana kifue kwanza kisije kikasinyaa baadaye. Zipu iache kwa sasa, weka kifungo.