Muulize Mkutubi: Kompyuta Yasema Hakuna, Kitabu Kipo Rafuni

Maswali ya safu hii hujibiwa na mkutubi wa chuo kimoja mjini Morogoro. Kazi yake ni kukatalogi: kitabu kikifika maktaba, yeye ndiye anayekifungua kwanza na kuamua kitaandikwaje kwenye mfumo, kitakaa rafu gani na msomaji atakipata kwa maneno gani.

*Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha sita, nimepata nafasi ya kusoma diploma ya ukutubi. Baba mdogo, ambaye ndiye atakayenilipia ada, anasema ninakwenda kusomea kazi iliyokufa, maana siku hizi kila kitu kipo Google. Nimjibu nini?*
Binti wa Singida

Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo hajakosea kabisa, na kwa kuwa mwenye ada ni yeye, mjibu kwa upole.

Kuna kazi iliyokufa kweli, na mimi niliifanya: kupiga kadi kwa taipureta. Kitabu kimoja kilidai kadi ya mwandishi, kadi ya jina la kitabu, kadi za mada na kadi ya rafu, kisha zote zipangwe kwa alfabeti kwenye droo. OCLC, ushirika wa maktaba wenye makao yake Ohio, Marekani, uliokuwa ukizichapia maktaba kadi, ulichapa za mwisho Oktoba 2015. Kazi ya pili inayokata roho ni kuandika upya rekodi ya kitabu ambacho dunia nzima inacho. Kikija kitabu cha uhasibu kilichochapwa London, naskani ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, mfumo unaiuliza katalogi ya Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani kule Washington, unarudi na rekodi kamili. Naikagua, nabandika lebo mgongoni mwa kitabu, yamekwisha. Aliyeajiriwa kwa hilo tu ana sababu ya kuhofu.

Sasa mwombe baba mdogo achukue ripoti ya mradi wa maji wa wilaya yenu, au diwani ambayo mshairi wa mtaani kaichapa kwa fedha zake, aitafute huko Google. Mashine hunakili kilichokwisha kuandikwa, na vya kwetu vingi havijaandikwa na mtu yeyote. Library of Congress wana ofisi Nairobi tangu 1966. Inanunua vitabu vya ukanda huu na kuvikatalogi, ndiyo maana riwaya nyingi za Kiswahili zilizotoka kwa wachapishaji wakubwa utazikuta Washington zimeandikwa vizuri tu. Inanichoma kidogo kuvuta kutoka Marekani rekodi ya kitabu kilichochapwa Dar es Salaam, lakini navuta, kazi iende. Kinachobaki mezani kwangu ni kile ambacho ofisi ile haikukifikia: tasnifu, makala za semina, vijitabu vya vikundi vya wakulima, mashairi. Na mezani kwangu hapajawahi kuwa peupe.

Nafasi za serikali ni chache, sitakudanganya. Ukienda Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi kinachojulikana kama SLADS, au ukienda kwingine, usitoke na uainishaji, yaani kupanga vitabu kwa mada, peke yake. Jifunze hifadhidata. Jifunze kusafisha data iliyovurugika kwenye jedwali la Excel, maana huko ndiko nusu ya siku inakoishia. Na Kiswahili chako usikiache mlangoni. Barua inayofuata itakuonyesha kwa nini.

*Assalaam aleikum bibie. Kwetu Paje tunalima mwani, na utafiti wangu wa shahada ni juu ya kilimo hicho. Niliandika "mwani" kwenye kompyuta ya maktaba ya chuo, ikajibu hakuna. "Kilimo cha mwani", hakuna. Baadaye nikawa napita katikati ya rafu kuelekea chooni, nikaona ripoti za mwani zimekaa pamoja, za kutosha. Hii ni nini?*
Mwanafunzi, Zanzibar

Waaleikum salaam. Choo kimewasaidia wasomi wengi kuliko wakuu wa maktaba wanavyopenda kukiri.

Kompyuta ya maktaba haisomi ndani ya kitabu. Inasoma rekodi niliyoiandika mimi au mwenzangu, na rekodi hiyo imegawanywa kwa namba, kwa utaratibu uitwao MARC. Uliundwa Library of Congress miaka ya 1960, na aliyeuongoza, Henriette Avram, alikuwa mtaalamu wa kompyuta, hakusomea ukutubi. Namba 100 ni mwandishi, 245 ni jina la kitabu, 650 ni mada. Maneno ya 650 hatuyatungi wenyewe. Huchaguliwa kwenye orodha maalumu, na vyuo vyetu vingi hutumia orodha ya hao hao Library of Congress, ambayo ni ya Kiingereza. Humo kilimo cha mwani kinaitwa "Marine algae culture". Hata Mwingereza mwenyewe sidhani kama huanza kutafuta kwa maneno hayo. Sasa ripoti ikiwa na jina la Kiingereza na mada ya Kiingereza, neno "mwani" litatoka wapi? Halimo kwenye rekodi hata mara moja, na kompyuta imekujibu kweli yake.

Dawa ipo, tena iko ndani ya MARC yenyewe. Ripoti kama hizo zikinifikia, 650 naiacha ilivyo, ili maktaba nyingine duniani ziielewe. Chini yake nafungua 653, sehemu ya maneno huru, naandika: mwani, kilimo cha mwani, wakulima wa mwani, Eucheuma (jina la kisayansi la mwani unaolimwa), Paje, Jambiani. Ni kazi ya dakika. Wengi hawaifanyi kwa sababu rekodi imeshuka kutoka nje ikiwa imekamilika, na ukishaona imekamilika, mkono unakwenda wenyewe kwenye kitufe cha kuhifadhi.

Kuna tatizo la pili ambalo hata vitabu vya Kiswahili vyenyewe vinaumia nalo. Mifumo ya kutafutia ilitengenezwa kwa lugha ambazo neno hurefuka mkiani. Mwingereza akiandika "fish" akaweka nyota (*) mwishoni, alama inayoiambia kompyuta imalizie neno vyovyote, analetewa samaki, wavuvi na uvuvi kwa mpigo. Sisi maneno yetu hubadilika kichwani: mvuvi, wavuvi, uvuvi, kuvua. Weka nyota mkiani uwezavyo, "mvuvi" hatamleta "wavuvi". Kwa hiyo mimi kwenye 653 naweka umoja na wingi, naweka mkulima na wakulima na kilimo. Walinzi wa viwango wakiziona rekodi zangu watasema ni fujo. Waseme. Mwanafunzi anayeandika "wafugaji" saa mbili usiku, maktaba inakaribia kufungwa, hana habari na viwango.

Kwa leo fanya hivi: andika "seaweed", kisha "Eucheuma", kisha jina la kijiji. Ukipata rekodi moja, bofya ile mada ya Kiingereza iliyomo ndani yake, itakufungulia ndugu zake wote. Halafu nenda kwa mkutubi wa katalogi wa chuo chako, si yule wa kaunta, umwombe kwa adabu aongeze neno "mwani". Tukiombwa hivyo huwa tunafurahi, maana kwa kawaida watu hutujia kuulizia nywila ya waifai.

*Habari za kazi dada. Mimi ni mwenzako kwenye fani, nipo Arusha. Mkuu wetu ameagiza tupige picha ukurasa wa jina la kitabu, tuipe akili mnemba itoe rekodi ya MARC, sisi tuibandike kwenye mfumo. Anasema tutamaliza mrundikano wa miaka. Nikipinga naonekana mzee.*
Mkutubi, Arusha

Salama ndugu yangu. Usipinge. Kubali, lakini weka masharti.

Kitu hiki ninakitumia. Kinasoma ukurasa uliofifia kuliko macho yangu, kinapanga nukta na mikato inayotakiwa, kinatoa muhtasari ambao nikiurekebisha kidogo unafaa. Ubaya wake ni kwamba hakisiti. Nilikipa kitabu kisicho na mwaka popote, si jaladani, si nyuma ya ukurasa wa jina. Kilichokuwepo ni dibaji iliyotiwa sahihi Desemba 1983. Kwa kanuni zetu za kukatalogi ziitwazo RDA, ambazo Library of Congress walianza kuzifuata rasmi 31 Machi 2013, hapo ningeandika [1984?]. Mabano yanamwambia msomaji kuwa mwaka huo sikuukuta kitabuni, na alama ya kuuliza inasema nimekisia. Akili mnemba ikaniandikia 1984, safi, bila mabano wala kiulizo, kana kwamba mchapishaji ndiye aliyesema. Rekodi ikishahifadhiwa hivyo, mwanafunzi ataunukuu mwaka huo kwenye tasnifu, na hakuna atakayejua tena kwamba ulikuwa makisio.

Riwaya iliyokuwa na neno "mahindi" kwenye jina iliipa 633.15, namba ya mahindi ya shambani katika Dewey, mfumo wa kupanga vitabu rafuni kwa namba za mada. Riwaya ya Kiswahili inakwenda 896.392, hata kama wahusika wote ni wakulima. Mtu aliyekifungua kitabu ukurasa wa kumi hawezi kukosea hapo, lakini picha ya ukurasa wa jina haina ukurasa wa kumi.

Majina ndiyo balaa zaidi. Kanuni za kigeni zinapenda jina la mwisho lianze, lakini kwetu jina la mwisho mara nyingi ni la baba au babu tu, na siyo kwamba ukoo mzima unaitwa hivyo. Shaaban Robert mwenyewe, ambaye Robert ni jina la baba yake, ukizunguka kwenye katalogi za dunia utamkuta kwingine kwenye R na kwingine kwenye S. Kuchagua moja kati ya hayo si shida. Shida ni kulishika hilo hilo miaka yote na kuweka rejeo linaloelekeza kutoka lile lingine, ili vitabu vyake visigawanyike. Akili mnemba leo inakupa hivi, kesho vile.

Kwa hiyo mwambie mkuu: rekodi zote za mashine ziingie zikiwa zimefichwa, msomaji asizione. Zifunguliwe na mtu aliyekishika kitabu mkononi, akaangalia mwaka, namba na jina la mwandishi, akaongeza maneno ya Kiswahili. Mrundikano utapungua hata hivyo, na uzee wako hautaonekana.

*Hujambo dada. Shule yetu ya sekondari imepewa msaada wa vitabu, maboksi kwa maboksi. Mkuu wa shule ananiambia nisakinishe Koha, programu ya kuendeshea maktaba, kwa kuwa ni ya bure. Tuna kompyuta mpakato moja, na umeme ni wa kubahatisha.*
Mwalimu, Tunduru

Sijambo mwalimu, na poleni kwa maboksi, maana yangu nayajua. Ondoa kwanza visivyowahusu. Msaada huja na vitabu vya kodi ya mapato ya nchi nyingine, toleo la zamani. Havina haja ya namba, vina haja ya kuondoka.

Koha ni nzuri, ndiyo tunayotumia hapa. Ilianzia kwenye maktaba za Horowhenua, New Zealand, ambako mfumo wao wa zamani usingevuka mwaka 2000. Wakaiagiza kampuni ya Katipo iwatengenezee mwingine, wakautoa bure. Lakini bure ni programu. Seva, nakala za dharura na mtu wa kuiinua ikianguka vina bei. Kwa kompyuta moja, tumia Excel: namba ya uandikishaji, mwandishi, jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, ISBN, namba ya Dewey, lugha, maneno ya kutafutia. Jina la mwandishi liandikwe kwa namna moja tu daima. Ukilinda hilo, siku shule ikipata seva, jedwali lako litaingia Koha bila kuanza upya. Na leja ya mkono usiiache, kwa sababu ya huo umeme wa kubahatisha.

Kwa rafu, madaraja kumi makuu ya Dewey na stika za rangi vinatosha. Ila daraja la 200, dini, limekaa kama Melvil Dewey alivyoiona dunia mwaka 1876: Ukristo umetandaza kuanzia 220 mpaka 280, Uislamu wote umebanwa kwenye 297. Kwa shule yenye wanafunzi wa dini zote mbili, acha nafasi ya kutosha kwenye rafu hiyo ya 297.

*Nimechapa diwani yangu kwenye duka la uchapaji. Kijana wa pale amenipa ISBN ya bure, kumbe ameitoa kwenye kitabu kingine. Ina madhara?*
Mshairi, Kigoma

Ina madhara makubwa, kaka. Mimi nikiiskani, mfumo utaniletea kile kitabu kingine, na mashairi yako yatajikuta yanaitwa Hisabati Darasa la Nne. Kujitungia namba nako hakufai, kwa sababu tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia, na mfumo unaweza kuikataa.

ISBN zetu hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Tangu 2007 zina tarakimu 13, na za Tanzania nyingi utaona 978 ikifuatwa na 9976 au 9987. Kitabu cha karatasi kina namba yake na cha kielektroniki kina yake. Ukichapa tena bila kubadili kitu, namba inabaki ile ile. Ukiongeza mashairi, omba mpya. Nakala zilizokwisha kutoka zibandike stika yenye namba sahihi kabla hujaziuza, na nakala za Bodi peleka, sheria inakutaka hivyo.