Gauni la mikono isiyofanana

Mhariri, swali lenu la juma hili ni hili: je, zawadi za Krismasi zina maana yoyote kwa Mkristo, au ni desturi tu iliyokuzwa na wenye maduka? Nilipolisoma niliweka simu chini, nikakumbuka gauni.

Ilikuwa Desemba 1991, kwetu Marangu. Baba alikuwa mgonjwa tangu Pasaka. Fedha za kahawa zilikuwa zimeishia kwenye dawa na nauli za hospitali, na mama alishatuambia mapema kwamba mwaka huo hakuna nguo ya sikukuu. Aliyelelewa Kilimanjaro anajua uzito wa maneno hayo. Mtoto anaweza kuvaa viraka mwaka mzima, lakini asubuhi ya Krismasi, kanisa limejaa watu waliopanda kutoka Dar na Arusha, anatamani awe na kitu kipya mwilini.

Jioni ya tarehe 24 jirani yetu, mjane, fundi cherehani, alipita katikati ya migomba na kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na gauni lililoungwa kwa vipande vilivyobaki kwenye kazi za wateja: kifua cha maua mekundu, sketi ya bluu, na mikono miwili isiyofanana. Kwenye ukosi alitia lesi. Pindo aliliacha pana, ili literemshwe nikirefuka.

Mimi nilirukaruka. Mama aliingia jikoni, akatoka na mtetea wetu aliyekuwa akitaga, amemfunga miguu. Kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, na mama hakuwa mtu wa kukaa na cha mwenzake. Fundi akamtazama kuku, akamtazama mama.

“Dada, mfungue huyo kuku. Sikuja kuuza.”

Wakabaki wamesimama. Mama aliinamisha kichwa, kuku bado ananing’inia mkononi, na mimi sikuelewa kwa nini mtu aliyeletewa kitu kizuri namna ile aonekane kama amegombezwa. Kisha akasema asante, kwa sauti ndogo, akamfungua kuku.

Basi, mhariri, maana mnayoiuliza mimi naiona pale, kwenye ugumu ule wa kupokea usichoweza kulipa. Tuna msemo kwamba mkono mtupu haulambwi, na mambo mengi ya dunia ndivyo yanavyokwenda. Krismasi haiendi hivyo. Isaya anasema “tumepewa mtoto mwanamume”. Hasemi tumeuziwa, wala tumekopeshwa. Paulo naye anapotaka kushukuru anaishiwa maneno, anaishia kukiita “kipawa chake kisichoneneka”. Na huyo Mtoto tuliyepewa alikuja mikono mitupu, akalazwa horini. Ninapompa mtu zawadi siku ya kuzaliwa kwa Mtoto huyo, namfanyia mwenzangu sehemu ndogo sana ya nilichofanyiwa mimi.

Wanaotetea zawadi hukimbilia kwa mamajusi wa Mathayo 2, na ni sawa, ila tusome taratibu. Walimtolea tunu, dhahabu na uvumba na manemane. Hawakubadilishana wao kwa wao, wala hatusomi kwamba yupo aliyerudi mashariki na kifurushi. Walimpa mtoto asiye na cha kuwarudishia, tena mtoto wa maskini. Luka anatuonyesha umaskini huo kwa jambo dogo: wazazi wake walipompeleka hekaluni walitoa sadaka ya “hua wawili au makinda ya njiwa mawili”, ambayo Torati ilimruhusu mama aliyeshindwa kupata mwana-kondoo. Mwenye vyote, na wazazi wake hawana kondoo! Kila mwaka nikifika hapo hufunga Biblia kwanza, nikatulia.

Hata Nikolasi, yule askofu wa Mira ambaye watu wa Ulaya walimgeuza mzee wa ndevu nyeupe, masimulizi ya kale yanasema alitupa dhahabu usiku nyumbani kwa baba aliyekosa mahari ya binti zake watatu, maana kule mahari ilitolewa na upande wa binti. Usiku, ili asijulikane. Usiyemjua utamlipaje?

Kwa hiyo sina ugomvi na wenye maduka. Khanga na viatu lazima vinunuliwe mahali. Kinachoniuma ni hesabu zetu wenyewe. Kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wetu tunapiga kura ya nani ampe nani, kila mmoja amnunulie mwenzake kitu cha shilingi 30,000. Tunacheka, tunafurahi, lakini elfu thelathini imetoka na elfu thelathini imeingia, na asiye nayo anajitoa kimyakimya kwenye kundi. Nawajua vijana wa kwetu walioko Dar ambao hawajapanda nyumbani Desemba kwa miaka. Nauli wangeazima. Wanaona aibu kuingia kihambani, shamba la nyumbani kwa wazazi, bila kilo ya sukari, bila blanketi la mama. Sikukuu ya aliyezaliwa zizini inamfanya maskini aogope kwenda kwa mama yake mzazi! Ndugu zangu Wakristo, hapo tumepotea, na hatukupotezwa na duka lolote.

Yesu alishatuambia, katika Luka 14, tukiandaa karamu tuwaite maskini, vilema, viwete na vipofu, “kwa kuwa hao hawana cha kukulipa”. Na tazameni kalenda: tarehe 26, ambayo wengi hapa Tanzania tunaiita siku ya kufungua zawadi, kanisani ni siku ya Stefano. Tunamkumbuka kwa mawe aliyopigwa, tunasahau kazi aliyochaguliwa kufanya. Matendo 6 inasema wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, wakachaguliwa watu saba wasimamie jambo hilo, Stefano akiwa wa kwanza kutajwa. Nyumbani kwangu siku hiyo kila mtoto hupeleka kitu kwa mtu tunayejua hatatulipa. Na akipewa maji ya kunywa tu, anakunywa, anashukuru. Kupokea nako nataka wajifunze.

Desemba iliyopita nilikwenda kumwona yule fundi. Ana miaka zaidi ya themanini sasa, macho yamefifia, cherehani amemwachia mjukuu. Nilimbebea kitenge, na nakiri kwamba nusu ya moyo wangu ilikuwa bado inataka kulipa. Nikamsimulia yote: gazeti, lesi, mikono isiyofanana, kuku. Alinisikiliza hadi mwisho huku akipapasa kitenge kwa vidole, akitafuta upindo.

“Gauni gani hilo, mwanangu?” akaniuliza.